Afande Nesi na Simu Iliyokatazwa Kusema

Nilimjua kwa sababu ya pazia. Alikuja dukani kwangu, Jinja mjini, mchana mmoja wa jua kali, amevaa sare ya magereza iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikakaa kama makali ya kisu, akaniambia anatafuta kitambaa cha pazia kwa chumba cha kupimia wanawake. Nikamtolea kile kilichokuwa kinanunuliwa sana wakati ule, chepesi, chenye maua ya buluu. Akakichukua, akatoka nacho barazani, akakiinua juani, akanitazama kupitia humo.

"Mama," akasema, "wewe utatoa nguo nyuma ya hii?"

Nikaingia ndani nikamletea kitambaa kizito cha kahawia, cha kufunikia makochi. Alikikunja mara mbili, akakiinua tena, akaridhika. Nilimwonya kwamba kitatia chumba giza. Alinijibu kwamba taa anayo. Watu wanapojenga zahanati hawasahau taa, akasema, wanasahau heshima.

Jina lake silitaji. Hata nikilitaja, kwetu Bugembe, nje kidogo ya mji, hakuna atakayemtambua kwalo. Sote tulimwita Afande Nesi, au Afande tu, kwa sababu alikuwa vyote viwili: askari wa magereza mwenye cheo na muuguzi mwenye cheti. Zahanati yake ilijengwa kwa ajili ya wafungwa na familia za askari, lakini ilikuwa na mlango unaotazama barabara, na mlango ule yeye hakuufunga. Miaka aliyokaa pale, raia ndio waliokuwa wengi kwenye benchi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwafanya watu wasimkimbie. Kiswahili katika nchi yetu kina kumbukumbu mbaya. Sisi Waislamu wa Jinja tunakizungumza madukani na nyumbani bila wasiwasi, lakini majirani zangu wengi walikisikia mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Mwenye sare akikusalimia kwa Kiswahili, unajiuliza kwanza mume wako amefanya nini. Na Afande alikuwa mtu wa kaskazini aliyeokota Kiswahili chake kambini. Kwake kila kitu kilikuwa "hii" na "ile", na kila ombi lilitoka kama amri. Alikwenda siku moja kwa mama mmoja anayeuza nyanya kando ya barabara ya Iganga, akamwambia, "Wewe, kuja kesho kwa kliniki." Mama Nyanya akafunga kibanda akajificha kwa dada yake siku mbili.

Afande alipoelezwa kisa hicho, alicheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata alirudi kibandani bila kofia, akakalia kreti tupu la soda, akanunua nyanya, akaomba msamaha kwa Lusoga, lugha ya wenyeji, aliyokuwa ameikariri neno kwa neno kutoka kwa mfungwa. Mama Nyanya naye, ili asishindwe kwa adabu, akamjibu kwa Kiswahili: "Hakuna shida, Afande. Nitakuja. Sitacherewa." Tangu hapo wakawa wanataniana. Afande alimcheka kwa kuweka r mahali pa l, naye akamcheka Afande kwa kusema "mtoto hii". Mimi niliyekuwa najiona mwenye Kiswahili safi nilikaa katikati, nikiwacheka wote wawili.

Kulikuwa na mambo ndani yake ambayo hayakupatana. Wafungwa aliwaita "mama yangu" na kuwashika mkono wakati wa kuwadunga sindano. Wake za maofisa aliwafokea wakichelewa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema wafungwa wamefokewa vya kutosha. Aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa la kambini na hakukosa Jumapili, lakini mgonjwa akimwambia kwamba ameombewa na amepona, alimwitikia amina, kisha akamwonyesha kitanda apande apimwe. Alikunywa chai bila sukari na kusema sukari ni kazi ya kiwanda, si ya chai, na hayo aliyasema Jinja, ambako nusu ya majirani walikula kwa miwa.

Simu alizichukia. Kwenye dawati lake kulikuwa na beseni la plastiki, na simu yoyote iliyolia zahanati iliingia humo mpaka mwenyewe anapoondoka. Niliwahi kumwona akiitia humo simu ya mkubwa wake.

Lakini kilichompa sifa ni macho. Akimtazama mtu ng'ambo ya barabara, alijua damu yake imepungua. Alimsimamisha mwendesha boda asiyemfahamu, akamvuta ukope chini kwa kidole, akamwambia ini lake halifanyi kazi vizuri na aende hospitali siku ile ile. Yule kijana alikwenda akiwa na hasira, akarudi baada ya mwezi na kuku mkononi. Afande alijivunia macho yake kama mtu mwingine anavyojivunia ng'ombe. Kazi yake kubwa, ile aliyonunulia pazia, ilikuwa kutafuta kansa ya mlango wa kizazi kabla haijawa kansa, na kazi ile yote ilikuwa macho: taa, siki kidogo, dakika moja ya kungoja, na kutazama.

Alikuja kutueleza msikitini kwetu, kwenye darasa la wanawake. Alivua viatu mlangoni, akajitanda leso niliyomwazima, akakaa mkekani, na mbele ya mke wa imamu akatoa chupa ya siki kwenye mkoba.

"Hii mnaijua," alisema. "Mnaweka kwa kachumbari. Mimi naweka kidogo tu kwa mlango ya kizazi. Kama iko kitu mbaya, inageuka nyeupe. Kama hakuna, unavaa nguo, unaenda nyumbani kupika. Hakuna kisu."

Bibi mmoja aliuliza kama kipimo kile kinafunguza saumu. Afande alikiri kwamba sheria ya dini yetu haijui, waulizwe walimu wetu. Ila Ramadhani ni mwezi mmoja, akasema, na kansa haifungi. Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika mpaka upande wa wanaume. Wiki ile benchi la zahanati lilijaa mabuibui.

Mimi sikwenda. Nilikuwa na duka, nilikuwa na sababu, kila siku sababu mpya. Lakini niliwatuma wengine, na mmoja niliyemtuma, nikamsukuma hasa, alikuwa wifi yangu Sauda, dada mdogo wa mume wangu. Sauda alikaa Wanyange, kando ya ziwa, na mumewe Musa, mvuvi, na watoto wao wanne, akianika dagaa na kuwauza. Alikuwa mcheshi, mwoga wa sindano. Nilimwambia hakuna sindano.

Wakati huo ndipo simu ilipokuja. Sizungumzii simu ya beseni. Walikuja vijana watatu waungwana kutoka Kampala, wenye vitambulisho shingoni, wakaleta simu iliyofungwa kwenye kishikio chenye taa yake. Ndani yake mlikuwa na ile akili mnemba inayosemwa sana siku hizi. Walieleza kwamba imefundishwa kwa picha za wanawake wengi wa nchi nyingi mpaka ikajua kutofautisha mlango wa kizazi wenye afya na ule unaoelekea kuharibika, hata pale jicho la mtu lisipoona tofauti. Unapaka siki, unapiga picha, inajibu papo hapo: kijani ni salama, nyekundu ni hatari. Zahanati kadhaa za mashariki zilichaguliwa kuijaribu, na ya Afande ikawa mojawapo.

Aliipokea kwa dharau. Alikuja dukani akaniambia wamemletea mwanafunzi wa chuma. Yeye alikuwa ametazama miaka ishirini. Simu, akauliza, imetazama lini? Hata hivyo amri ni amri. Aliichukua, akaitumia, akaandika majibu yake kwenye fomu kama alivyoelekezwa.

Sauda alipimwa mwezi ule. Nilimsindikiza, nikamngoja kwenye benchi. Alitoka anacheka, akisema siki inanuka kama saladi ya harusi. Afande alimfuata mlangoni, akaniambia wifi yangu ni safi, arudi baada ya miaka mitatu. Sauda alitununulia chapati na mayai pale barabarani, tukala tumesimama, akinitania kwamba sasa ni zamu yangu. Nikasema wiki ijayo.

Miezi minane baadaye alianza kutokwa damu. Sitaeleza kila hatua; aliyepita njia ile anaijua, na asiyepita Mungu amwepushe. Hospitali ya kwanza wakasema kansa, tena imeshatoka mahali pake. Kampala kwa mionzi, kurudi, Kampala tena. Musa aliacha kuvua ili amuuguze. Sauda alifariki asubuhi, nyumbani Wanyange, nikiwa nimemshika mguu kwa sababu mguu ndio uliokuwa hauumi.

Siku ya hitima, watu walipokwisha kula na wengi kuondoka, Afande aliingia uani. Alikuwa amevaa sare kamili. Alivua viatu, akapiga magoti mkekani mbele ya Musa na mimi, akasema ana neno ambalo hakuna aliyemtuma kulisema, na ofisi ikijua amelisema itamwadhibu.

"Siku ile simu ilisema nyekundu," alisema. "Macho yangu ilisema safi. Sheria ya utafiti inasema nesi anafuata macho yake, na mama haambiwi kitu simu imesema. Picha inatumwa kwa daktari Kampala, yeye ndiye anaamua. Nilituma siku ile ile. Nikangoja. Sijajibiwa mpaka leo."

Musa akauliza polepole kama ana maana kwamba simu ilijua. Afande akasema ndiyo, ilijua. Musa akainuka, akaenda ziwani bila viatu.

Mimi nilimwambia atoke. Nilimwambia maneno mengine pia, ambayo siyaandiki hapa. Alivaa viatu vyake nje ya ua, akafunga kamba zake sawasawa, akaondoka kwa miguu kuelekea barabara kuu.

Wiki mbili baada ya hitima, jibu likafika kutoka Kampala. Afande alilileta mwenyewe dukani, akaliweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaondoka. Karatasi ilisema picha ya mgonjwa huyo haikuwa wazi vya kutosha. Aletwe apigwe upya.

Kwa karibu mwaka mzima sikumsalimia. Nilipomwona akija upande wangu wa barabara nilivuka. Lakini hasira yangu haikuwa na mahali pa kukaa, kwa sababu kila nilipoitua kwake, nilikumbuka kwamba yeye ndiye pekee aliyekuja kupiga magoti. Wale vijana waungwana hawakuja. Yule daktari wa Kampala ambaye sanduku lake la ujumbe lilijaa picha za zahanati zote hakuja. Pengine naye alikuwa mmoja tu, amelundikiwa kazi ya watu kumi. Waliotunga sheria kwamba mashine ijue na ikae kimya hawakuja, na naamini mpaka leo hawajui kwamba kulikuwa na mtu anaitwa Sauda.

Nimesikia redioni mara nyingi wataalamu wakieleza kwa nini mambo haya yanakwenda taratibu. Wanasema ni kwa ajili ya usalama wa mgonjwa. Wanasema mashine lazima ithibitishwe kwanza. Nakubali, mimi nauza vitambaa, sitaki mtu aniuzie dawa isiyopimwa. Lakini nauliza: huu mwendo wa taratibu, nani anautembea? Hao wanaoongea hukaa mahali penye madaktari. Mke wa mmoja wao akipata wasiwasi asubuhi, jioni ameshaonwa na watatu. Wa Wanyange ndiye anayengoja, na anangoja bila kujua kwamba anangoja, akianika dagaa wake, ameambiwa yeye ni safi.

Aliyenirudisha kwa Afande ni Mama Nyanya. Alikuja dukani akiwa na kovu dogo la ndani na habari kubwa. Naye alipimwa, macho ya Afande yakasema safi, simu ikasema nyekundu. Safari hii Afande hakungoja Kampala. Aligeuza kioo cha simu, akamwonyesha ile rangi, akamweleza kila kitu, kisha akavua koti la kazi, akapanda naye teksi mpaka hospitali moja ambako alimfahamu daktari wa kukata kinyama cha kupima. Walikaa kwenye korido ile siku nzima. Daktari alipowaambia kwamba hakuna nafasi mpaka mwezi ujao, Afande alimjibu kwamba yeye ni askari, amezoea kusimama. Akasimama mlangoni mpaka nafasi ikapatikana. Majibu yalipotoka, kulikuwa na kitu, kidogo, cha mwanzo kabisa. Wakakiondoa. Mama Nyanya yuko kibandani mpaka leo na bado anasema "sitacherewa".

Jioni ile nilikwenda zahanati. Nilimkuta anafagia. Sikujua nianzie wapi, nikamuuliza ana hali gani. Akasema yuko mzima, akanipa ufagio, akachukua mwingine. Tulifagia. Tulipomaliza alinionyesha daftari la shule ambamo alikuwa ameandika kila mama ambaye macho yake na simu hayakukubaliana tangu Sauda. Hakuwaandika wengi, lakini aliandika vizuri, na hakuipendelea simu. Mfungwa mmoja aliambiwa nyekundu, akapelekwa hospitali na pingu mkononi, akakatwa kinyama, na hakuwa na chochote. Alilia siku kumi na nne bure. Hilo alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa sawa na mengine. Siku nyingine taa ya kile kishikio ilizimika na simu ikatoa jibu juu ya picha ya giza, nalo limo.

Nilimuuliza sasa ataiaminije mashine inayokosea.

"Simu ikikosea, tunamwambia mama pole," akasema. "Mimi nikikosea, pole naambia watoto yake."

Alianza kuwaandikia wakubwa barua; nilimsaidia kuzisafisha Kiswahili, na nyingine za Kiingereza alizichapisha kwa mtu mjini. Hakuomba mashine itawale. Aliomba mambo mawili tu: simu ikisema nyekundu, mama aambiwe, na akishaambiwa, awe na mahali pa kupelekwa wiki ile ile. Barua hazikujibiwa. Kilichokuja ni mkutano. Mkubwa mmoja wa ule utafiti alifika zahanati na gari refu, akatupanga kwenye viti, wauguzi na sisi wanawake wachache wa jirani tulioalikwa kuwakilisha jamii. Alizungumza kwa upole sana. Alisema Afande, kwa nia njema, ameharibu utafiti kwa kuwaambia wagonjwa majibu ambayo hayakuwa ya kuambiwa. Alisema pole pole ndio mwendo. Nikajisemea moyoni kwamba hiyo ni methali ya msafiri mwenye chakula cha njiani. Alimalizia kwamba teknolojia hii bado haijathibitishwa kwa wanawake wetu.

Afande aliinua mkono kama mwanafunzi, akangoja apewe ruhusa, akasimama.

"Na macho yangu hii, afande," akauliza, "nani alithibitisha?"

Yule mkubwa alitabasamu. Akasema swali ni zuri, atalichukua. Aliondoka nalo na hakulirudisha.

Simu za utafiti zilichukuliwa Ijumaa ya wiki ile. Mwezi uliofuata ikaja barua ya uhamisho: Afande aende Mbale, kwenye zahanati ndogo. Hakuna aliyeiita adhabu. Waliiita mahitaji ya kazi. Wanawake wa Bugembe walitaka kwenda kulalamika, akawakataza, akisema askari hahamishwi kwa kura. Mama Nyanya alimfungia kapu zima la nyanya. Mimi nilimpa kipande cha kitenge, akakiinua juani kwanza kabla ya kushukuru.

Miaka ilipita. Tulisalimiana kwa simu wakati wa Idi na Krismasi. Niliambiwa na wengine kwamba huko nako aliendelea kuandika barua, kwamba alikwenda kwenye mkutano wa wilaya bila mwaliko akatolewa, akarudi kupitia mlango wa jikoni akakaa na wapishi mpaka chakula cha mchana, ili wakubwa wakija kuchukua sahani wamkute. Sijui kama ni kweli. Inafanana naye.

Mwaka huu nilialikwa Mbale kwenye harusi ya binti wa mfanyabiashara mwenzangu. Nilifika siku moja kabla, nikaulizia zahanati. Niliikuta chini ya ule mlima unaokaa juu ya mji kama ukuta, na wanawake wamekaa nje kwenye nyasi. Afande alikuwa amekonda, amevaa miwani, amebakiza miezi michache kustaafu. Aliponiona hakushangaa. Aliuliza kama nimewahi kupimwa.

Nilimwambia ukweli. Mimi niliyemsukuma Sauda, niliyesimama na chapati mkononi nikaahidi wiki ijayo, sikuwa nimewahi. Kwanza nilikuwa na shughuli, halafu nikawa na hofu, na hofu ikizeeka inafanana na shughuli.

Hakunihutubia. Alinielekeza kitanda. Alinawa mikono, akawasha taa, akaniambia kila anachofanya kabla hajakifanya. Siki ilikuwa baridi. Alitazama kwa muda mrefu kuliko dakika moja. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Kisha akaniambia nivae.

Nilipokuwa najifunga leso nilimuuliza ameona nini. Akasema hajaona kitu kibaya. Mtu akiwa amelala kwenye kitanda kile anakuwa mtoto. Nilitaka neno moja tu, nilitaka kulibeba harusini.

"Sema basi niko salama," nikamwambia.

"Hiyo neno sitakupa, dada." Alikuwa hajawahi kuniita dada. "Nilimpa mwingine. Mimi nimekuambia kitu macho yangu imeona. Zaidi ya hapo iko kwa ile mashine, na mashine sina."

Nikamuuliza mashine ziko wapi, maana nilisikia redioni kwamba serikali sasa imekubali, kwamba zimekuja nyingine mpya zilizo bora zaidi. Akasema zimekuja kweli. Ziko hapa hapa Mbale, kwenye kabati la ofisi moja mjini, tangu kabla ya mvua. Zinangoja mwongozo utiwe saini. Mwongozo nao unangoja mafunzo, mafunzo yanangoja mtu wa kuyafungua rasmi. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, huku akiloweka vyombo. Alivitumbukiza kwa nguvu mpaka maji yakamwagika kwenye viatu vyake vyeusi.

Nilitaka kumpa pole, nikaona pole haitoshi na pengine ni tusi. Nilimuuliza nifanye nini.

Alikausha mikono, akachana karatasi, akaandika mistari mitatu: jina langu, alichoona, na ombi kwamba nipimwe kwa mashine. Akatia saini, cheo chake, na muhuri wa zahanati.

"Peleka kwa ile ofisi," akasema. "Watasema mwenyewe hayuko. Wewe kaa. Wakiuliza nani alikutuma, sema mimi. Kila mama hapa nje nitampa karatasi kama hii."

Nilipotoka niliwatazama wale waliokaa kwenye nyasi. Mmoja alikuwa ananyonyesha. Mwingine, mtu mzima kama mimi, alinisogelea akaniuliza kama inauma. Nikamwambia haiumi, nikamweleza ofisi ilipo.

Kesho yake, Ijumaa, harusi nilihudhuria kwa saa moja tu. Kabla yake na baada yake nilikuwa ofisini. Walisema mwenyewe yuko semina. Nikakaa. Wakanipa maji. Wakaniuliza mara mbili nimetoka wapi, na nilipojibu Jinja wakanishauri nikapimwe Jinja. Niliwaambia mashine za Jinja zilichukuliwa. Saa kumi na moja askari wa mlangoni akaanza kufunga madirisha, akaniomba kwa adabu nirudi Jumatatu. Lakini kufikia wakati ule tulikuwa watano kwenye benchi lile, kila mmoja na karatasi yake yenye muhuri.

Sikurudi Jinja. Nilimpigia mume wangu afungue duka mwenyewe. Jumatatu, mwenye funguo za kabati alipofika kazini, alitukuta mlangoni, na foleni ilikuwa imeshazunguka kona.